Jinsi ya kuieleza kerneli ya Linux ilipo PMU ya prosesa yako

"Kaka, nimeweka perf kwenye bodi, nikiuliza `cycles` inanijibu `<not supported>`. Ni kwa sababu prosesa ni ya bei rahisi?"

Swali hili, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, nimelijibu mara nyingi hapa Arusha: kwa vijana wa Chuo cha Ufundi, kwa wa Nelson Mandela kule Tengeru, na kwa wenzetu wa Moshi wanaopiga simu jioni. Na wanaouliza wana kazi ya maana mkononi. Mmoja anachambua picha za buni, mwingine anahesabu magari yanayopita barabarani, mwingine anasoma vipimo vya kitalu cha maua Usa River. Programu inakwenda taratibu, na wanataka kujua muda wa prosesa unaishia wapi; `perf` ndiyo programu ya Linux ya kupimia hilo. Swali lao ni la haki kabisa, kwa hiyo naliandikia jibu refu mara moja.

Prosesa si mbovu. Ndani ya kila kiini (core) cha Cortex-A72, aina iliyomo kwenye Raspberry Pi 4, kuna kifaa cha kupimia utendaji, kwa ufupi PMU: kaunta 6 unazoweza kuzipangia tukio lolote la kuhesabu, na 1 ya mizunguko ya saa. Kinachokosekana ni maelezo. Kerneli, yaani moyo wa Linux, haina njia ya kugundua yenyewe waya wa PMU wa kila kiini umeungwa wapi, kwa hiyo lazima iambiwe kwenye mti wa vifaa (device tree), yaani faili la maelezo ya chuma linalosomwa bodi inapowaka. Isipoambiwa, inanyamaza tu na kukuandikia `<not supported>`. Ikiambiwa uongo, ndipo mambo yanapoharibika kweli, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo.

Kabla hujaanza

Natumia Raspberry Pi 4 kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo. Mti wake wa vifaa tayari una nodi (kifungu cha maelezo) ya PMU iliyo sahihi, na hilo linatufaa: tutaizima, tutaona inavyokuwa ikikosekana, kisha tutaandika yetu. Ukishaelewa, utaweza kufanya hivyo kwenye bodi ambayo mtengenezaji wake hakuandika chochote.

Unahitaji:

- Raspberry Pi 4 yenye Raspberry Pi OS ya biti 64. Hakikisha kwa `uname -m`; jibu liwe `aarch64`.
- Adapta ya kweli ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu itakudanganya: umeme ukipungua bodi hujipunguzia kasi, na vipimo vyako vyote vinayumba. Amri `vcgencmd get_throttled` ikijibu `0x0`, uko salama.
- Programu mbili: `sudo apt install linux-perf device-tree-compiler`
- Nakala ya `config.txt`: `sudo cp /boot/firmware/config.txt /boot/firmware/config.bak`
- Kisoma kadi na kompyuta nyingine, endapo bodi itagoma kuwaka. Utachomoa memori kadi, utarudisha nakala, utaendelea na maisha.

Na jambo moja kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika: kila ukiandika kitu chini ya `/boot/firmware`, andika `sync` papo hapo. Sehemu ile ya kadi ni FAT, na umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kupoteza faili zima.

Hatua ya 1: Ijue hali ya sasa

Kabla ya kugusa chochote, endesha hizi tatu na uhifadhi majibu yake:

```
sudo perf stat -e cycles,instructions ls
sudo dmesg | grep -i perfevents
ls /proc/device-tree | grep pmu
```

Ya kwanza itakupa namba. Ya pili itaonyesha mstari unaofanana na huu:

```
hw perfevents: enabled with armv8_cortex_a72 PMU driver, 7 counters available
```

Kerneli mpya huongeza namba za mabano kabla ya neno `counters`, zisikusumbue. Hizo 7 ndizo kaunta 6 na ile 1 ya mizunguko niliyotaja juu. Amri ya tatu itakupa jina la nodi, ambalo kwenye Pi 4 ni `arm-pmu`. Kama kwako ni jingine, tumia hilo la kwako kila ninapoandika `arm-pmu`.

Kwenye bodi isiyo na nodi, thibitisha kwanza kuwa kerneli yenyewe ina draiva:

```
grep -E 'HW_PERF_EVENTS|ARM_PMU' /boot/config-$(uname -r)
```

Ukikosa `CONFIG_HW_PERF_EVENTS=y`, hakuna nodi itakayokusaidia. Itabidi ukompaili kerneli upya, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Hatua ya 2: Vijue viini vyako kwa jina

Usiamini tangazo la muuzaji wala maandishi ya kwenye boksi. Andika:

```
grep 'CPU part' /proc/cpuinfo
```

`0xd03` ni Cortex-A53, `0xd08` ni Cortex-A72, `0xd0b` ni Cortex-A76. Pi 4 itaonyesha `0xd08` mara nne. Ukiona aina mbili tofauti kwenye bodi moja, usiendelee. Nenda kwanza kwenye sehemu ya viini mchanganyiko huko chini.

Jina hili ndilo litakaloingia kwenye sifa ya `compatible`: `arm,cortex-a72-pmu`. Nimeona wengi wakiandika `arm,armv8-pmuv3` kwa sababu inaonekana ya jumla na "itafaa kote". Jina hilo limewekwa kwa ajili ya prosesa za kuigizwa kwa programu. Kwenye chuma halisi kaunta zitawaka, lakini matukio ya pekee ya kiini chako hutayapata kwa majina yake. Andika jina la kiini.

Hatua ya 3: Tafuta namba za intarapti

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo twende polepole.

Kaunta ya matukio kwenye A72 ina biti 32. Ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Prosesa ya GHz 1.5 inayotekeleza agizo moja kwa kila mzunguko inaijaza chini ya sekunde tatu. Kaunta inapofurika, PMU inatuma intarapti, yaani ishara ya kukatiza kazi, ili kerneli ije kuandika kilichohesabiwa. Vilevile `perf record` inategemea ishara hiyo hiyo kuchukua sampuli. Bila intarapti utabaki na kuhesabu kwa shida, na sampuli hutazipata kabisa.

Intarapti hizo zinapita kwenye kidhibiti kiitwacho GIC, na zina aina mbili:

SPI ni waya wa pamoja. Kila kiini kina namba yake, na waya wowote unaweza kupelekwa kwenye kiini chochote. Kwenye mti wa vifaa aina hii inaandikwa `0`, na namba halisi ndani ya GIC ni ile uliyoandika ukijumlisha 32.

PPI ni waya wa faragha. Viini vyote vinatumia namba moja, ila kila kimoja kinasikia ya kwake tu. Inaandikwa `1`, na namba halisi ni ile uliyoandika ukijumlisha 16. Ukikuta PPI 7, yaani 23, usishangae. Ndiyo namba iliyopendekezwa na Arm kwa kazi hii.

Pi 4 inatumia SPI 16, 17, 18 na 19, kwa kiini 0, 1, 2 na 3. Kwa bodi nyingine namba zinatoka kwenye kitabu cha chipu, kwenye jedwali la vyanzo vya intarapti. Angalia kama mwandishi wa jedwali amekwisha kujumlisha 32 au bado. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote: kitabu kinasema 48, mtu anaandika 48, kerneli inajumlisha tena na kwenda kusikiliza waya 80 ambao hauhusiki kabisa.

Namba ya tatu ni namna ishara inavyokuja. `4` ni kiwango cha juu, `8` ni kiwango cha chini, `1` ni ukingo unaopanda. Kwa SPI, GIC inakubali `4` au `1` tu. Ukiandika `8` kwenye SPI kwa kuwa uliiona kwenye mfano wa PPI, draiva itakataliwa.

Hatua ya 4: Zima nodi iliyopo

Andika faili `zima-pmu.dts`. Ni kipande (overlay) kinachopachikwa juu ya mti wa vifaa bodi inapowaka:

```
/dts-v1/;
/plugin/;

/ {
	compatible = "brcm,bcm2711";

	fragment@0 {
		target-path = "/arm-pmu";
		__overlay__ {
			status = "disabled";
		};
	};
};
```

Kompaili, nakili, kisha iambie bodi iisome:

```
dtc -@ -I dts -O dtb -o zima-pmu.dtbo zima-pmu.dts
sudo cp zima-pmu.dtbo /boot/firmware/overlays/
echo 'dtoverlay=zima-pmu' | sudo tee -a /boot/firmware/config.txt
sync
sudo reboot
```

Angalia sana hiyo `-a` kwenye `tee`. Ukiisahau, `config.txt` yote inafutwa na kubaki mstari mmoja.

Bodi ikiwaka, rudia amri za hatua ya 1. Sasa `perf stat` itaandika `<not supported>`. Hii ndiyo hali waliyo nayo wale wanaonipigia simu, na sasa umeitengeneza mwenyewe kwa makusudi.

Hatua ya 5: Andika nodi yako

Faili `pmu-yangu.dts`:

```
/dts-v1/;
/plugin/;

/ {
	compatible = "brcm,bcm2711";

	fragment@0 {
		target-path = "/";
		__overlay__ {
			pmu {
				compatible = "arm,cortex-a72-pmu";
				interrupt-parent = <&gicv2>;
				interrupts = <0 16 4>, <0 17 4>,
					     <0 18 4>, <0 19 4>;
				interrupt-affinity = <&cpu0>, <&cpu1>,
						     <&cpu2>, <&cpu3>;
			};
		};
	};
};
```

Nimeiita `pmu` badala ya `arm-pmu` ili ukiiona chini ya `/proc/device-tree` usiwe na shaka kuwa ni yako. Imekaa kwenye shina la mti, nje ya `soc`, kwa kuwa haina anwani ya kumbukumbu. Inafikiwa kwa rejista za prosesa yenyewe. Kwa sababu hiyo haina `reg`, na usijaribu kuiwekea.

Sasa tazama sifa mbili za mwisho pamoja. `interrupts` inataja nyaya, `interrupt-affinity` inataja viini, na mpangilio ndio unaoziunganisha: waya wa kwanza ni wa kiini cha kwanza kwenye orodha, wa pili ni wa pili. Ni sawa na orodha ya simu za mabalozi wa nyumba kumi. Ukiandika namba ya balozi wa Ngarenaro mbele ya jina la balozi wa Kijenge, simu itapokelewa vizuri tu, ila na mtu asiyejua lolote kuhusu tatizo lako. Ndivyo inavyokuwa kwa kiini: kinaamshwa, kinatazama kaunta zake, hakioni iliyofurika, kinarudi kazini. Kaunta iliyofurika kwa jirani bado inapiga kelele.

Kama bodi yako inatumia PPI na viini vyote ni vya aina moja, mambo ni mepesi. Unaandika intarapti moja, `<1 7 4>` au `<1 7 8>` kadiri kitabu kinavyosema, na unaachana na `interrupt-affinity`. Kidhibiti kikiwa GICv2, namba ya tatu kwenye PPI hubeba pia biti zinazotaja viini. Iangalie kwenye nodi ya saa ya bodi hiyo hiyo, ambayo nayo hutumia PPI.

Kompaili na kunakili kama mwanzo, ongeza `dtoverlay=pmu-yangu` chini ya ule mstari wa kwanza, `sync`, kisha uwashe upya. Usijaribu kuipachika bodi ikiwa inaendelea na kazi. Draiva hii inatafuta kifaa chake wakati wa kuwaka.

Hatua ya 6: Thibitisha, na usiishie kwenye `perf stat`

Mstari wa `hw perfevents` ukirudi kwenye `dmesg`, umevuka nusu. Wengi huishia hapo, wanafurahi, wanafunga laptop. Tafadhali usifunge. `perf stat` fupi inaweza kutoa namba zinazopendeza hata kama intarapti zote zimeandikwa ovyo, kwa kuwa kaunta haikuwahi kufurika.

Kipimo cha kweli ni kukilazimisha kila kiini kifanye kazi peke yake, halafu kuangalia ni nani aliyekatizwa:

```
for i in 0 1 2 3; do
  sudo taskset -c $i perf record -e instructions \
    -o /tmp/kiini$i.data \
    sh -c 'head -c 200M /dev/zero | sha256sum'
done
grep pmu /proc/interrupts
```

Utapata mistari minne, ikiwa na namba 48, 49, 50 na 51 pembeni ya jina la GIC (16 na 32, unakumbuka). Kila mstari una safu nne, moja kwa kila kiini. Mstari wa 48 uwe na hesabu kwenye safu ya kwanza peke yake, wa 49 kwenye ya pili, na kuendelea, zishuke kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Ngazi hiyo ikikamilika bila sifuri, maelezo yako ni ya kweli.

Nimeweka `instructions` na si `cycles` kwa makusudi. `perf record` ikikosa `cycles` ya chuma, inahamia kimya kimya kwenye `cpu-clock`, ambayo ni saa ya kerneli, na unapata ripoti nzuri isiyogusa PMU hata kidogo. Ukiwa na ripoti ya zamani unayoitilia shaka, ifungue kwa `perf report` na usome jina la tukio pale juu.

Bodi yenye viini mchanganyiko

Chipu kama RK3399 ina viini 4 vya Cortex-A53 na 2 vya Cortex-A72. PMU zao si aina moja, hivyo unaandika nodi mbili, kila moja na `compatible` yake. Zote zinatumia PPI 7, na kinachozitenganisha ni kielekezi cha kundi la viini mwishoni mwa maelezo ya intarapti:

```
pmu_a53 {
	compatible = "arm,cortex-a53-pmu";
	interrupts = <GIC_PPI 7 IRQ_TYPE_LEVEL_LOW &ppi_cluster0>;
};

pmu_a72 {
	compatible = "arm,cortex-a72-pmu";
	interrupts = <GIC_PPI 7 IRQ_TYPE_LEVEL_LOW &ppi_cluster1>;
};
```

Makundi hayo yametajwa ndani ya nodi ya GIC yenyewe. Ukifanikiwa, `ls /sys/bus/event_source/devices` itaonyesha `armv8_cortex_a53` na `armv8_cortex_a72`, na kila moja ina faili `cpus` linalosema ni viini vipi inavihudumia. Lisome. Ukipima programu bila kuifunga kwenye kundi moja kwa `taskset`, itahamahama kati ya makundi na hesabu zake zitagawanyika.

Ikigoma

*`<not supported>` haijaondoka.* Angalia `/proc/device-tree/pmu`. Ikiwa haipo, bodi ilikataa kipande chako chote, mara nyingi kwa lebo iliyokosewa, mfano `&gic` badala ya `&gicv2`. Sababu utaikuta kwa `sudo vclog --msg`. Ikiwa ipo, soma `compatible` kwa `cat` na ulinganishe herufi kwa herufi.

*Unaona `no interrupt-affinity property for /pmu, guessing`.* Kerneli inakueleza wazi kuwa inakisia. Imefuata mpangilio wa 0, 1, 2, 3, na huenda imepatia. Iandike hiyo sifa hata hivyo.

*Unaona `no irqs for PMU, sampling events not supported`.* Sifa ya `interrupts` haipo au haikusomeka. `perf stat` itafanya kazi, `perf record` itakataa.

*Bodi inaganda unapoanza `perf record`, au `dmesg` ina `nobody cared`.* Hii ndiyo ile ya mabalozi. Intarapti inapigwa mfululizo kwenye kiini kisichohusika, na kerneli ikishachoka inaifunga. Rudi hatua ya 3 na 5, linganisha namba na mpangilio.

*Ngazi ina mstari mmoja wenye sifuri tupu.* Namba ya waya huo mmoja si sahihi. Mara nyingi ni kosa la kuchapa.

*Kwa mtumiaji wa kawaida inakataa, kwa `sudo` inakubali.* Hilo halihusu mti wa vifaa. Soma `/proc/sys/kernel/perf_event_paranoid`, ikiwa `2`, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kupima ndani ya kerneli. Pima ya programu yako tu kwa `-e instructions:u`.

*"Mbona kwenye laptop yangu sikuandika chochote?"* Prosesa za x86 zinaulizwa kwa agizo la CPUID, nazo zinajibu zenyewe zina kaunta ngapi. Seva za Arm zenye ACPI nazo hupewa namba ya intarapti kwenye majedwali ya mtengenezaji. Bodi zetu ndogo hazina vyote viwili.

*Umeandika matukio kumi na `perf` inaonyesha asilimia pembeni.* Kaunta za matukio ni 6, kwa hiyo yanapokezana, na namba unayoiona imekadiriwa. Punguza matukio, pima mara mbili.

Ukimaliza mazoezi, futa ile mistari miwili ya `dtoverlay` kwenye `config.txt`, `sync`, washa upya, na nodi ya asili itarudi. Na ukikwama ukataka kuuliza, tuma pamoja na swali: jibu la `grep 'CPU part' /proc/cpuinfo`, mistari ya `perfevents` kutoka `dmesg`, mistari ya `pmu` kutoka `/proc/interrupts`, na faili lako la `.dts` zima kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu inaficha nukta na mabano, na mara nyingi kosa limejificha humo humo.